Kadi Iliyonuka Udongo Mbichi

Kadi ya picha ya kompyuta ilikuwa mpya, imefungwa ndani ya mfuko wa kijivu unaong'aa ambao haukuwahi kufunguliwa, lakini Tamimu alipoupasua kwa meno, harufu iliyomjia puani ilikuwa ya udongo mbichi. Haikuwa harufu ya plastiki wala ya gundi ya kiwandani aliyoizoea. Ilikuwa harufu ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Huo ulikuwa mwezi wa tisa, na Singida haikuwa imeona tone la mvua tangu mwezi wa nne.

"Umeiweka wapi hii?" alimuuliza Vishal, aliyeileta kutoka Dar es Salaam.

"Kwenye begi, pamoja na nguo zangu. Kwa nini?"

"Inanuka."

Vishal akainusa, akapandisha mabega. "Mimi sisikii kitu, bwana. Ichomeke tuone."

Vishal alikuwa mtoto wa Mzee Shantilal, mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini. Yeye na Tamimu walisoma pamoja, na urafiki wao haukukatika. Zamani duka la Mzee Shantilal liliuza tambi za taa na betri za redio, na hata hizo zilikuwa za kupanga foleni. Biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kumiminika, duka likajaa televisheni na deki za video, na Tamimu akapata kamera yake ya kwanza. Akawa mpiga video za harusi. Aliitwa Mandewa anakokaa, akaitwa mjini, akaitwa mpaka Kinyangiri. Ndipo yeye na Vishal wakajikusanyia vipande kimoja kimoja na kujiundia kompyuta: boksi la mashine iliyotupwa na ofisi fulani, madabodi ya Kariakoo, yaani ule ubao mkuu wa saketi, kioo kilichochubuka pembeni. Waliiweka kwenye chumba cha uani ambacho Tamimu alikiita studio.

Ila kadi hii hakuiagiza kwa ajili ya harusi za watu.

Tamimu na mkewe Anifa walijaliwa mtoto mmoja tu, binti. Malaria ilimpanda kichwani akiwa darasa la kwanza, na kabla ya jua kuzama siku ya pili alikuwa amekwisha kufa. Sasa ilikuwa yapata miaka mitatu. Kilichobaki kwao ni kanda moja ya video, ya harusi ya dada yake Tamimu. Katikati ya kanda ile, mtoto anachomoka kati ya kina mama akiwa na gauni lake la njano, anacheza mbele ya kamera peke yake, kisha anasogeza uso mpaka unajaa kioo chote, anacheka na pengo la meno mawili ya mbele, anauliza, "Baba, naonekana?" Shangazi yake anamwita, naye anakimbia. Basi. Hakuna picha nyingine ambamo anatembea au kusema.

Na kanda ile ilikuwa inakufa. Ilikuwa imeota ukungu. Njano ya gauni ilikuwa imefifia ikawa kama majivu, na sauti ya mtoto ilitoka kama ya mtu aliye chini ya maji. Kila walipoitazama deki iliila kidogo, mpaka Anifa akaifunga kwenye khanga na kuizika chini kabisa ndani ya sanduku lake la nguo, akakataza isiguswe.

"Kadi hizi mpya zina tundu la kuingizia video," Vishal alikuwa amemwambia Tamimu. "Unachomeka deki, picha inaingia kwenye kompyuta, unaitia kwenye sidii. Haiozi tena maisha."

Siku kadi ilipofika, Anifa aliitoa kanda mwenyewe sandukuni, akaiweka mezani ikiwa bado ndani ya khanga.

"Ukiiharibu usiniambie," alimwambia mumewe akiwa mlangoni. "Niache nidhani ipo."

Mara ya kwanza hawakupata kitu. Tamimu alichomoa kadi ya zamani, akaisukuma mpya kwenye tundu lake la kahawia katikati ya madabodi mpaka ikakaa, akakaza skrubu, akawasha. Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Kisha kompyuta ikalia, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi.

"Haiioni kadi," Vishal akasema. "Ndiyo maana ya mlio huo. Itakuwa haijakaa sawa."

Wakazima. Tamimu alipoitoa akaona ile safu ya vijino vya dhahabu chini ya kadi imelowa. Akaisugua kwa kifutio cha penseli, kama wanavyofanya kadi ikishika kutu. Kifutio kikatoka na tope jekundu.

Tamimu akamwonyesha Vishal kile kifutio.

"Huko kiwandani hawanawi mikono," Vishal akasema, lakini yeye mwenyewe hakucheka.

Wakarudisha kadi ya zamani, kompyuta ikawaka bila shida. Wakajua basi ubovu hauko kwenye mashine. Wakaweka mpya: giza, na ule mlio. Wakabadilisha vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta, wakachomoa kila kisicho cha lazima ili umeme usigawanyike, wakaazima kioo kingine dukani. Ikawa vilevile. Na kila walipoichomoa kadi ilikuwa imelowa, na kila walipoisugua palitoka tope.

"Pawasaplai yetu ni ndogo," Vishal alisema mwishowe, akijifuta jasho. "Kadi hizi zinakula umeme. Kesho nitaleta kubwa zaidi."

Alipoondoka, Tamimu alichomoa waya wa umeme ukutani ili afagie chumba. Alikuwa ameinama na ufagio aliposikia nyuma yake kitu kikizunguka taratibu. Akageuka. Waya ulikuwa sakafuni, umelala, haukugusa kitu. Lakini ile feni ndogo ya kadi ilikuwa inazunguka, na kutoka tumboni mwa kompyuta ulikuja mlio ambao haukuwa ule mrefu na miwili mifupi, ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mtoto anayejiimbia huku akiwa na jambo mkononi. Ukakoma. Feni ikasimama.

Tamimu akajiambia ni umeme uliobaki kwenye kapasita. Hakumwambia mtu.

Kesho yake ile pawasaplai kubwa ya kuilisha mashine umeme ikaja, na kioo kikawaka. Kwanza kilikuja na mistari na vidoti vya rangi. Wakaweka draiva, programu ya kuiendesha kadi, kompyuta ikaganda. Wakafuta draiva ya kadi ya zamani, wakaanza upya. Na asubuhi ikiwa bado mbichi picha ikatulia, safi, rangi zimekolea kuliko walivyowahi kuziona. Walipigana viganja kama watoto. Vishal akaenda kufungua duka. Tamimu akabaki, akachomeka deki, na kwa kuwa hakuthubutu kuijaribia kanda ya mwanawe, akaweka ya harusi ya watu wengine.

Kwenye kioo zikaja chenga tupu.

Akabadilisha waya. Chenga. Akaijaribu deki kwenye televisheni, ikaonyesha vizuri. Akairudisha kwenye kompyuta, chenga. Akapitia kila kitufe cha programu, akazima na kuwasha, akaitoa kadi na kuirudisha, mpaka jua likafika utosini na mabati yakaanza kulialia kwa joto. Hakuna aliyekuwa akipita njiani saa ile. Tamimu akachomoa waya wa deki, akabaki ameushika mkononi, akalaza paji la uso mezani na kulia. Hakulia hivyo siku ya maziko, kwa sababu siku ile watu walimshika mabega na kumwambia ajikaze, yeye ni mwanamume. Sasa hakukuwa na mtu wa kumshika.

"Uliyemo humo," alisema, na hakujua anasema na nani, "yeyote uliye, nionyeshe mwanangu."

Harufu ya udongo ikajaa chumba.

Akainua kichwa. Chenga zilikuwa zinapungua kasi, zinatua moja juu ya nyingine kama vumbi baada ya gari kupita, na pale zilipotua zikajenga bega, zikajenga shingo, zikajenga upindo wa gauni la njano, na uso ukasogea mbele mpaka ukajaa kioo chote.

"Baba, naonekana?"

Tamimu akaitazama deki. Ilikuwa imezimwa. Akautazama waya mkononi mwake. Akaitazama kanda, imo ndani ya khanga yake mezani, haijafunguliwa.

"Unaonekana," alisema kabla hajafikiri. "Unaonekana, mama yangu."

Akamwita mkewe. Anifa alikuja mbio na mikono yenye unga wa uwele, akidhani kuna shoti ya umeme, akasimama katikati ya chumba. Alitazama kwa muda mrefu. Alisogea, akagusa kioo kwa kidole kimoja, akaacha alama ya unga kwenye midomo ya mtoto.

"Hii siyo ile kanda," akanong'ona.

"Siyo."

"Meno yameota, Tamimu."

Yalikuwa yameota kweli. Pengo halikuwepo. Shingo ilikuwa imerefuka, na mashavu yamepungua ule utoto. Aliyekuwa akiwatazama ni binti wa umri ambao mtoto wao angekuwa nao kama angeishi.

"Mama," akasema binti, "huku kuna baridi."

Tangu siku hiyo Anifa hakutoka studio ila kwa haja. Alifunika boksi la kompyuta kwa blanketi. Alileta maziwa kikombeni na kuyaweka mbele ya kioo, na jioni alikuta kikombe kikavu chenye mstari wa udongo chini. Alisimulia habari za majirani na za mbuzi wa bibi, na mtoto alicheka mahali pa kucheka. Tamimu naye alikuja kila akimaliza kazi, akakaa kando ya mkewe, na kusema kweli alikuwa na furaha. Alijua kwamba kitu kile si cha kawaida. Alijua tangu kikombe cha kwanza cha maziwa. Lakini ukiwa umemkosa mwanao miaka yote ile, halafu anakuuliza umekula nini leo, ni nani atainuka akazime?

Vishal alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, akaona chenga tupu kwenye kioo na rafiki yake na mkewe wakizichekea. Akaona pia kwamba waya wa umeme haukuwa umechomekwa.

"Tamimu," aliita kwa sauti ya chini. "Toka hapo, ndugu yangu. Njoo nje tuzungumze."

Tamimu hakugeuka. Vishal akaondoka kinyumenyume, na ile harufu ambayo mwanzo hakuisikia ikamfuata mpaka barabarani.

Aliyemtoa Tamimu usingizini ni Lea, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyekuwa rafiki wa Anifa tangu wahamie Mandewa. Alimkamata kisimani asubuhi moja.

"Shemeji, mna mgeni ndani?"

"Hatuna."

"Nasikia sauti mbili. Ya mwenzangu, na nyingine ya kitoto." Lea akatazama huku na huku. "Jana nilisogea dirishani, unisamehe. Ile ya kitoto ilimuuliza, 'Mama, nije mimi au uje wewe?' Mwenzangu akasema, 'Nitakuja mimi, wewe kaa palepale usisumbuke.' Shemeji, anakwenda wapi?"

Tamimu aliacha ndoo palepale. Alipoingia studio mkewe alikuwa amekaa kama kawaida, uso kwenye mwanga wa kioo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama yeye badala ya kumtazama mtoto. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza. Nywele zilikuwa zimepukutika juu ya khanga mabegani. Chini ya kucha zake palikuwa na udongo mwekundu, na wakati huo hakuwa amegusa shamba wala bustani. Anifa alizaliwa na kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto, kidoti ambacho Tamimu alikipenda kabla hajajua hata jina lake. Akakitafuta asikione, ngozi ilikuwa tupu kama vile hakikuwahi kuwepo, na alipogeuka kwenye kioo akakikuta huko, cheusi, mahali pake, chini ya jicho la kushoto la binti, aliyekuwa amenawiri na kung'aa na kumtazama baba yake bila kupepesa.

"Shikamoo, Baba," akasema binti. "Umekuja mapema."

Siku hiyohiyo Tamimu akapanda lori hadi Mkiwa, kwa Bi Sijaona.

Bi Sijaona alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye kusali, anayeuza chai na maandazi pale njia panda, na watu walimjua kwa kutoa majini. Alimsikiliza Tamimu akikanda unga. Akauliza jambo moja tu.

"Aliposema, nani alimjibu?"

"Mimi."

"Basi hukumfungulia tu, mwanangu. Ulimkaribisha."

Walifika Mandewa alasiri. Lea alikuwa ameketi na Anifa, amemshika mkono, macho ameyafumba asitazame kioo. Bi Sijaona akawasha ubani kwenye chetezo, akachuchumaa mbele ya Anifa, akaongea naye kwa upole.

"Si jini wa kutumwa huyu. Hakuna aliyewaroga. Wako wengi namna yake, wanazurura hawana sura wala pa kukaa. Kasikia mtu analia, akavaa sura ya anayeliliwa."

"Ana ubaya gani?" Anifa akauliza. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtu aliyeugua mwaka mzima. "Hajanipiga. Hajanitukana. Ananiita mama."

"Angalia mikono yako, mwanangu."

Anifa akaiangalia. Akaificha ndani ya khanga.

"Sitakuambia ni rahisi," Bi Sijaona akasema. "Nimetoa majini wanaotupa watu motoni, na sikuwaonea huruma. Huyu mnampenda. Baba atamng'oa kwa mkono wake, mashine ikiwa inawaka. Lakini hatang'oka mpaka wewe umwambie kwamba humjui."

"Siwezi."

"Basi utakwenda naye, na huko hutamkuta mwanao. Mwanao yuko kwa Mola wake. Utakuta shimo, na huyu."

Bi Sijaona akaanza kusoma dua. Alisoma taratibu, bila kupandisha sauti, na moshi wa ubani ukapambana na harufu ya udongo mpaka macho ya wote yakatoka machozi, na kwenye kioo binti akaacha kutabasamu, akaanza kutazama mmoja mmoja kama mtoto anayeona watu wazima wamebadilika ghafla na hajui kwa nini.

"Mama, nimekosa nini?"

Anifa akaziba masikio.

"Mama, nimefanya nini? Nilikunywa maziwa yote. Nilikaa palepale, sikusumbuka. Mama, mwambie huyo bibi aache, ananichoma."

Tamimu alikuwa amepiga magoti, mkono umo ndani ya boksi la kompyuta, vidole vimeishika kadi ambayo ilikuwa ya moto na imelowa kwa wakati mmoja, inapwita kama kitu chenye damu, naye akavuta na isitoke, akavuta tena, na juu yake akamsikia mkewe akivuta pumzi kama anayetaka kuzama.

"Mwanangu amekufa," Anifa akasema. "Nilimwosha kwa mikono hii. Nilimfunga kidevu chake. Alikuwa mzito kwa kuwa hakujishikilia. Wewe umejishikilia kwangu. Sikujui. Siyo wewe. Siyo wewe, mama, nisamehe, siyo wewe."

Halafu akaanguka, na Lea akamdaka.

Bi Sijaona akaacha kusoma. Na kitu kile kikasema kwa sauti nyingine, ambayo haikuwa ya mtoto wala ya mtu mzima, sauti iliyochoka, isiyo na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Tamimu kuliko yote.

"Nilikuja bila kitu. Nipeni cha kuondokea."

"Unataka nini?" Bi Sijaona akauliza, kama anavyowauliza wote. "Kuku? Kitambaa? Marashi?"

"Jina."

"Jina gani?"

"Nililoitwa humu ndani. Huko nilikotoka hakuna anayeniita. Baba anipe kwa mdomo wake, niwe nalo. Nisipopewa sitoki, na mama nitakwenda naye."

Bi Sijaona akaweka chetezo chini. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Nimeombwa mengi," alimwambia Tamimu kwa sauti ya chini. "Hilo sijawahi kuombwa. Sikudanganyi, sijui ukilitoa utabaki na nini."

"Hapumui vizuri!" Lea akalia. "Shemeji, mkeo hapumui!"

Tamimu akamtazama Anifa, midomo imekuwa ya kijivu na kwenye pembe ya midomo ile kuna chembe za udongo mwekundu, akatazama kioo, akauona uso ule wa njozi zake zote, wenye meno yaliyoota na kidoti cha mama yake, unangoja tu, hausihi tena, unangoja kama wanavyongoja watoto ambao wameshazoea kunyimwa, naye akafumba macho na kulitaja jina la binti yake, lote, pamoja na lake mwenyewe nyuma yake, kama alivyolitaja hospitali siku aliyozaliwa na kama lilivyotajwa kaburini.

"Chukua," akasema.

"Asante, Baba."

Kadi ikatoka mkononi mwake kirahisi, kama jino la mtoto. Kioo kikazima. Anifa akakohoa, akatema udongo, akavuta pumzi ndefu.

Bi Sijaona aliifunga kadi kwenye kitambaa, akaondoka nayo. Hakutaka malipo, na hakutaka hata kunywa maji katika nyumba ile. Akawaambia tu wasali, na wasimwache mgonjwa peke yake.

Usiku ule Anifa alilala bila kugeuka. Kulipokucha Tamimu alikuta kidoti kimerudi chini ya jicho la mkewe, naye alipofumbua macho aliomba ugali na mlenda. Alikula. Alilia kidogo, akala tena. Tamimu akawa anamtazama tu, anamshukuru Mungu, anajiambia yamekwisha.

Lea akaja na kibakuli cha uji, akasimama mlangoni. Siku zote alimwita mwenzake kwa jina la mtoto, kama wanavyoitwa wanawake wote waliozaa, na hata baada ya msiba hakuacha, kwa sababu Anifa mwenyewe alimwomba asiache.

"Hodi humu! Mama..." akasema.

Akasita. Akacheka kidogo, akapiga ulimi.

"Mama..." akasema tena, na uso wake ukaanza kubadilika. "Ngojeni. Lipo hapa mdomoni. Baba... Baba nani, jamani?"

Anifa akaweka tonge chini. Akamgeukia mumewe taratibu sana.

"Tamimu," alisema. "Mwanetu alikuwa anaitwa nani?"

Tamimu akafungua mdomo. Alikumbuka homa ya mtoto, uzito wake begani, gauni la njano, namna alivyosema "treni" vibaya. Alikumbuka kila kitu. Akalitafuta jina katika kila kumbukumbu, na mahali pake akakuta pametulia, kama chumba kilichohamwa.

Walimuuliza shangazi mtu, akaanza kujibu haraka, akaishia njiani na kulia. Walimuuliza mwalimu wa darasa la kwanza, aliyemkumbuka vizuri mpaka dawati alilokaa, lakini si jina, na kwenye daftari lake la mahudhurio mstari ule ulikuwa mtupu. Vishal alikaa dukani mchana kutwa ameshika kichwa. Mwishowe wakaiweka ile kanda kwenye deki na televisheni, liwalo na liwe. Mtoto alichomoka kati ya kina mama, akacheza, akacheka na pengo lake, akauliza swali lake. Shangazi akageuka kumwita. Midomo yake ilifunguka ikafungwa, na muziki wa harusi ukaendelea. Mtoto aliitika, akakimbia.

Kaburi lake halina kibao, lina mawe mawili tu, kichwani na miguuni. Ijumaa Anifa huenda pale na Lea, hukaa chini, huinua mikono. Huwaombea wazazi wake kwa majina yao, na wakwe zake kwa majina yao. Halafu husita, na Lea hutazama pembeni.

"Na huyu," husema, "Mola wangu, na huyu. Wewe unamjua."